Tubebe Kiasi Gani? Maneno ya Mweka Hazina kuhusu Safari ya Unguja

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wote, Tabora, miezi mitatu kabla ya safari ya kuadhimisha miaka kumi ya kikundi)

  

Nimepewa dakika ishirini. Kwenye barua ya Katibu imeandikwa kwamba nizungumzie "maandalizi ya kifedha kuhusiana na safari". Hayo ni maneno ya ofisini. Sisi wenyewe wiki mbili hizi, sokoni, bombani, hata juzi msibani tukiwa tumekaa jamvini, swali lilikuwa moja tu: Shoga, wewe unabeba ngapi? (Kicheko.) Basi nitajibu hilo.

Safari yenyewe haina ubishi tena. Tuko 28, tutakaosafiri ni 22. Treni hadi Dar es Salaam, boti hadi Unguja, usiku tatu kule, kisha kurudi. Nauli na malazi vinatoka kwenye mfuko wa sherehe, yaani ile elfu moja moja ya kila Jumamosi kwa miaka mitatu, pamoja na fedha ya kukodisha viti na maturubai. Hapo nawapongeza. Kilichobaki ni pesa ya mfukoni, na ndiyo hiyo imeanza kututia ufa.

Kuna pendekezo limeletwa kwenye kamati kwamba kila msafiri aruhusiwe kukopa shilingi 300,000 kutoka kwenye sanduku, zikamsaidie matumizi kule. Piga hesabu: 22 mara 300,000 ni shilingi 6,600,000. Na safari ni mwezi wa saba. Mwezi wa saba ndugu zangu ni wakati gani hapa kwetu? Ni wakati mpunga uko chini bei, na nusu ya wanachama wetu ndipo wanapokopa wanunue, waweke, wauze baadaye. Tukilifungua sanduku kwa ajili ya matembezi, anayenunua mpunga akija atakuta nini ndani? Atakuta kijitabu na kalamu.

Na kuna jambo la pili, limeniuma zaidi. Mwanachama mmoja, simtaji, alinifuata nyumbani jioni akaniambia, "Dada, nafasi yangu mpe mwingine. Wenzangu wanataja laki tatu, laki tano. Mimi nauza maandazi. Nikienda nitakuwa mtu wa kutazama." Huyu ni mwanzilishi. Jina lake ni la tano katika daftari la mwaka 2015. Tunaadhimisha miaka kumi ya nini kama mtu wa tano anabaki nyumbani kwa sababu ya pochi za wenzake?

Jamani, swali la kubeba kiasi gani si geni katika mji huu. Tabora imejengwa na swali hilo. Enzi za misafara, watu wa pwani walikaa Unguja na Bagamoyo wakijiuliza: huko Unyanyembe twende na kiasi gani? Leo sisi tunauliza lilelile tukiwa upande wa pili wa njia. Tofauti ni kwamba fedha yao ilikuwa mabunda ya nguo, magunia ya shanga na nyaya, na ilibebwa mabegani na babu zetu Wanyamwezi, siku baada ya siku, karibu miezi mitatu njiani.

Wengi wenu mmefika Kwihara, kwenye lile tembe alilokaa Livingstone. Yule Stanley aliyekuja kumtafuta alifika Unguja Januari 1871, ametumwa na gazeti la Marekani, na hakujua hata doti moja inanunua nini huku bara. Akawauliza wafanyabiashara wa Kiarabu wenye uzoefu. Wakamwambia: watu 100, chakula chao kwa siku ni doti 10. Doti ya wakati ule ilikuwa yadi nne, na neno ni lile lile tunalolitumia kwa kanga. Basi akanunua doti 2,000 za merikani, doti 1,000 za kaniki, na doti 650 za nguo za rangi. Jumlisheni: 3,650. Gawanyeni kwa siku 365. Doti kumi kila siku, mwaka mzima, haizidi haipungui.

Mimi niliposoma hesabu hiyo nilifurahi, kwa maana ni hesabu ya mweka hazina. Stanley ana sifa zake nyingine ambazo sizisifii, alikuwa mtu mkali sana kwa wapagazi. Lakini hapo alifanya sawasawa. Hakuuliza mwenzangu amebeba ngapi. Aliuliza midomo mingapi, siku ngapi.

Halafu kulikuwa na jambo la shanga. Shanga nyeusi zilikuwa fedha nzuri Ugogo, ukizivusha mahali pengine ni uchafu, hazinunui hata kuku. Zile kubwa walizoziita sungomazi zilipendwa Ujiji, kwingine wakazikataa. Kwa hiyo mtu angeweza kuwa na mzigo mzito na bado akalala njaa. Na Ugogo kulikuwa na hongo: kila mtemi unayepita kwake unamlipa. Msafara ambao haukuitia hongo katika hesabu ulikwama hapo, chakula kinaliwa na safari haiendi.

Livingstone mwenyewe yalimkuta mabaya zaidi. Alifika Ujiji Oktoba 1871, amechoka, mgonjwa, akitegemea bidhaa zake zilizotumwa kutoka pwani. Akakuta mtu aliyekabidhiwa ameziuza zote. Mzee wa watu hakuwa na kitu mpaka Stanley alipotokea. Zote zilikuwa mikononi mwa mtu mmoja. Mtaona nitakapofika mbele kwa nini nimelisema hili mimi ambaye ndiye mweka hazina.

(Nitoke nje kidogo. Mnajua kwamba Tabora hii imewahi kutengeneza fedha yake? Mwaka 1916, Wajerumani wamebanwa na vita, walipiga sarafu hapa hapa katika karakana ya reli, na moja ilikuwa ya dhahabu, rupia 15, ina picha ya tembo. Septemba ya mwaka huohuo Wabelgiji wakauchukua mji. Sasa kama bibi yako alikuachia sarafu yenye tembo chini ya sanduku la nguo, hiyo usiende nayo Unguja. Niletee mimi.) (Kicheko na makofi.)

Sasa nije kwangu.

Wengi mnaniona hapa na daftari mnadhani nilizaliwa nalo. Mwaka 2017 sikuwa mweka hazina. Kulikuwa na harusi ya mtoto wa dada yangu kule Unguja. Nilikopa kwenye sanduku hili hili shilingi 400,000, na kwenye fomu, mahali pa sababu ya mkopo, niliandika "mtaji wa mpunga". Fomu ipo, Mama Mwenyekiti anaweza kuitazama. Hapakuwa na mpunga.

Nilikwenda nimejaa. Siku ya kwanza tu dada akanipeleka Darajani. Mimi na kanga, mimi na mashuka, mimi na marashi, vikombe vya kahawa seti nzima. Kila nilipotaka kuacha nikamsikia wifi yangu wa Tabora sikioni: "Umetoka Unguja na mikono mitupu?" Siku ya tatu nikafungua pochi, nina shilingi 14,000. Boti sijalipa, treni sijalipa. Nikamfuata dada yangu chumbani, nyumba imejaa wageni, nikamwambia kwa kunong'ona. Hakusema neno. Alitoa bahasha iliyowekwa kwa ajili ya mpishi wa harusi akanihesabia. Sijui mpishi alimwambia nini. Mpaka leo sijamwuliza.

Deni la kikundi nililipa kwa miezi kumi na moja, na cherehani yangu ikauzwa. Na yule wifi? Alipokea shuka, akaligeuza huku na huku, akauliza, "Karafuu hukuleta?" (Kicheko.) Mnacheka. Siku ile sikucheka.

Nimesema haya mbele ya wageni kwa sababu pendekezo la laki tatu kila mtu ni ile fomu yangu ikirudufiwa mara 22.

Basi hesabu yangu hii hapa, nimeifanya kwa mtindo wa midomo na siku. Tangu kufunga mlango Tabora hadi kuufungua tena ni siku saba. Chakula nimeweka 10,000 kwa siku, jumla 70,000. Inatosha kwa anayekula kama sisi, na itabaki kama mtabeba vya nyumbani. Michembe haiozi, karanga hazimwagiki. Kuku wa Saranda atakuwepo dirishani kama kawaida, lakini wanunuzi wanne kwa kuku mmoja, si kila mtu na kuku wake. Daladala na bajaji, 15,000. Matembezi, maana hatuendi kukaa ndani, 25,000: hapo tutakodi mashua pamoja kwenda kisiwa cha Changuu, na siku nyingine mashamba ya viungo. Mashua anayepanda mmoja na wanaopanda kumi hailipwi sawa kwa kichwa, kwa hiyo tupande kwa makundi. Zawadi 40,000. Dharura 30,000. Jumla ni shilingi 180,000.

Tuna Jumamosi 12 kabla ya kuondoka. Ni 15,000 kwa wiki. Najua kwa wengine ni kitu kidogo, na kwa wengine wiki nyingine ni kazi ngumu. Ndiyo maana naomba hii 180,000 iwe ndiyo kiwango, tena kiwango cha juu, kwa wote 22. Isipungue kwa maskini, isizidi kwa tajiri.

Mwanachama mmoja ambaye ni mwalimu alinijia juu: "Fedha ni zangu, jasho langu, kwa nini nipangiwe?" Ana haki. Siku ile sikuwa na jibu. Nimelala nalo. Jibu langu ni kwamba anayo miezi yote ya mwaka ya kutumia jasho lake, na hakuna atakayemwuliza. Hizi siku saba ni za kikundi. Akitaka kununua kabati la Kizanzibari lenye misumari ya shaba, arudi mwezi wa nane na mume wake.

Niseme kidogo kuhusu zawadi, maana hapo ndipo penye shimo. Kinachomaliza fedha Unguja si Unguja. Chakula cha kule utakimudu, maji utayamudu. Kinachomaliza ni Tabora: mawifi, mama mkwe, majirani, mtoto wa jirani aliyekusindikiza stesheni. Kila mmoja amekaa ndani ya pochi yako. Sasa fanyeni hivi. Andikeni majina nyumbani, kabla ya safari, mkiwa mmetulia. Doti moja ya kanga kwa yule ambaye huwezi kumkwepa. Wengine wote, viungo: mdalasini, iliki, pilipili manga, vipakiti vidogo vya sokoni, kila nyumba kimoja. Ambaye hayumo kwenye karatasi hayumo. Ukimkumbuka ukiwa Darajani, mwache huko huko Darajani.

Karafuu nunueni zile zilizofungwa dukani, kidogo, na risiti. Karafuu kule ni mali inayonunuliwa na shirika la serikali, na magendo ya karafuu ni kosa. Mtu asidanganywe na gunia la bei poa uchochoroni. Na vyombo vya umeme, runinga na mfano wake, mimi nasema tusinunue kabisa. Bei utaifurahia, lakini kuna forodha bandarini na kuna mchukuzi, na kilo zote hizo mpaka Tabora. Hongo za Ugogo zilihamia bandarini. (Kicheko.) Hata begi lako dogo, lishike mwenyewe. Likishikwa na kijana kabla hujakubaliana naye bei, umeshaajiri mpagazi.

Sasa namna ya kubeba. Fedha haina shida ya kubadilisha. Zamani Unguja walikuwa na rupia yao mpaka mwaka 1936, lakini shilingi yetu hii ya tangu 1966 ni moja bara na visiwani. Shida ni chenji. Noti ya elfu kumi asubuhi kwenye daladala ni kama shanga nyeusi nje ya Ugogo. Bebeni noti ndogo, elfu moja moja, elfu mbili. Mkifika mahali pa watalii mkatajiwa bei kwa dola, ulizeni ya shilingi bila aibu. Mwaka 2025 serikali ilitoa kanuni za kukataza bidhaa na huduma hapa nchini kutozwa kwa fedha za kigeni. Na pale Forodhani jioni, penye mishikaki na urojo na juisi ya miwa, bei iulizwe kabla mshikaki haujaingia mdomoni. Ukishatafuna huna tena la kujadili.

Msibebe yote mkononi. Elfu sitini za safari ya treni na siku ya kwanza ziwe taslimu, nazo zisikae mahali pamoja: nyingine kwenye pochi, nyingine pale mnapopajua wenyewe. (Kicheko.) Zilizobaki zikae kwenye simu. Mkitoa, toeni mara moja kubwa, si elfu tano tano, kwa sababu kila kutoa kuna makato. Wanaokumbuka tozo ya mwaka 2021 hawahitaji kufundishwa hapa. Mama zangu watu wazima, nawaomba, namba ya siri msimpe mjukuu aiandike kwenye karatasi halafu karatasi ikae ndani ya kava la simu. Nimeiona kwa macho yangu, tena kwa mjumbe wa kamati.

Zile 30,000 za dharura hazikai kwa mtu. Zitakusanywa kabla ya kuondoka, 22 mara 30,000 ni 660,000, ziwe mfuko wa pamoja kwa atakayeugua, atakayeibiwa, au atakayepigiwa simu ya msiba ikabidi arudi peke yake. Na mfuko huo nisipewe mimi peke yangu. Mkumbukeni Livingstone pale Ujiji. Washike wawili, mmoja awe na fedha mwingine awe na daftari, na walale vyumba tofauti. Zisipotumika, tukirudi kila mtu anachukua zake.

Nyumba ya wageni tutakayofikia iko Ng'ambo. Msishangae, na wao wana Ng'ambo yao kama sisi. Chukueni vitambulisho, asiyekuwa nacho aanze kushughulikia Jumatatu. Mama mwenye mizinga ameahidi asali lita kumi tuwapelekee wenyeji wetu, tunamshukuru, naomba tu ifungwe vizuri isije ikatuonjesha wote ndani ya behewa.

Mama Mwenyekiti, muda wangu umeisha, naona Katibu anatazama saa. Naleta mbele ya mkutano mambo mawili yapigiwe kura. La kwanza, sanduku lisifunguliwe kwa mkopo wa matembezi, hata shilingi moja, hata kwangu. La pili, kiwango cha pesa ya mfukoni kiwe 180,000 kwa kila msafiri, ziwekwe kidogo kidogo kila Jumamosi kwenye bahasha yenye jina, bahasha zitakaa ndani ya sanduku chini ya funguo tatu kama kawaida. Atakayekwama wiki moja afidie inayofuata, hakuna faini. Bahasha nimeshazinunua, ziko 22, Katibu anazigawa sasa hivi.

Na yule mama aliyenifuata jioni ile, nafasi yako sikumpa mtu. Bahasha yako ni namba tano.